Rangi ya Bi Fatu

Jumamosi, 3 Agosti

Wahida amepiga simu kutoka Maskati. Nilidhani salamu tu — tulisoma madrasa pamoja, huwa ananikumbuka mara mojamoja. Kumbe ana haja. Anataka nimchoree mama yake.

Bi Fatu alitutoka masika haya, siku ya mvua kubwa, na Wahida hakuwahi mazishi. Kazini hawakumpa ruhusa. Na hata wangempa, sisi hatumweki maiti akangoja ndege. Sasa anasema kila akijaribu kuikumbuka sura ya mama yake, inayomjia ni ile ya kwenye simu. Anataka kitu atakachokiangalia kisizimike.

Nikakubali kabla hajamaliza kusema. Halafu nikakata simu, nikaziangalia picha zangu zilizoegemezwa ukutani.

Miaka yote hii nachora za kuwauzia watalii. Wanawake na mitungi, wanawake na kuni, wanawake wamefuatana njiani. Hawana nyuso. Ndio mtindo wenyewe — duara la kahawia, kilemba juu, basi. Nimeshajizoeza hivyo mpaka mkono unakwenda peke yake. Leo nimekubali uso. Tena uso ambao kuna mtu anausubiri.

Jumapili, 4 Agosti

Wahida ametuma picha. Nyingi. Bi Fatu alikuwa akijipiga picha mwenyewe na kumtumia, mkono umenyooka, kidevu juu.

Zote mweupe. Rangi ya chai ya maziwa, ngozi laini kama ya mtoto mchanga. Hana hata mkunjo mmoja! Mwanamke aliyekaa mbele ya jiko la mkaa umri wake wote. Najua ni ile simu inavyofanya — inasafisha, inang'arisha, haimuulizi mtu. Lakini Wahida ameniandikia chini yake: "Unaona alivyokuwa mweupe mama yangu."

Mimi ninayemjua ni mweusi. Mweusi wa kung'aa, wa mafuta. Alikuwa akipika vitumbua pale kwenye kona yetu hapa Dunda, na sisi watoto tukipanga foleni kabla ya kwenda shule, giza halijaisha. Ule uso nauona mpaka sasa.

Nimemuuliza mama, maana walikuwa mashoga. Mama hata hakuinua macho kwenye ungo wake wa mchele. Fatu? Maji ya kunde, amesema. Maji ya kunde kama wewe tu.

Watu watatu, rangi tatu. Na wote tulimpenda.

Jumanne, 6 Agosti

Nimekwenda kwa mzee Kibwana, mumewe. Haikunijia vizuri kumchora mke wa mtu bila ya kumwambia. Alikuwa karani wa forodha, sasa amestaafu, anakaa peke yake kwenye ile nyumba yenye kuta za kijani. Ukumbini taa ya tyubu inawaka mchana kutwa kwa sababu madirisha amefunga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mama hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu."

Tukaulizana hali mpaka zikaisha. Ndipo nikasema. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini.

"Mimi sina picha yake humu ndani," akasema, "na sijamsahau."

Nikamwambia ni Wahida anayetaka.

"Najua ni Wahida. Wahida alikuwa akimuona mama yake kwenye simu. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni, nasikia wanavyocheka." Akanigeukia. "Amekwambia mama yake alikuwaje?"

"Amesema alikuwa mweupe."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alisimama akanifungulia mlango kwa adabu zote, akasema nichore kama nimeahidi, lakini nikimaliza nisiilete pale. Hii ni nyumba anayoswalia.

Sikumuuliza yeye anasemaje kuhusu rangi. Niliogopa ningepata ya nne.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimeanza. Kwanza nilifuata picha za simu. Asubuhi nzima. Akatoka mwanamke mzuri kabisa, ila ni yule wa kwenye tangazo la sabuni. Nikamkwangua kwa kisu.

Baada ya swala ya Ijumaa nikaanza upya, nikamchora niliyemjua mimi. Mwanga unatoka chini, kwenye makaa. Rangi ya chungwa kidevuni, chini ya pua, chini ya macho. Paji la uso limepotelea gizani. Mkono ulikwenda wenyewe. Sijui mara ya mwisho kuchora hivyo ni lini — bila ya kufikiria nani atanunua. Nilikuwa na furaha, niseme kweli.

Mama akaingia na chai. Akasimama.

"Batuli," akasema. "Huyu mbona kama yumo motoni?"

Nikatazama. Wekundu kutoka chini, giza kutoka juu, macho yamekodoka. Mtu aliyekufa miezi michache tu iliyopita. Mama alikuwa anasoma dua midomo inatikisika, na chai imemwagika.

Nimeigeuza ukutani. Kwangu mimi ule moto ni kitumbua, ni asubuhi, ni mama wa watu ananiuliza "wewe umeshakula?" Kwa mama yangu ni moto. Na mama ndiye aliyemwosha Fatu. Siwezi kumwambia amekosea kuona.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimeanza tena, safari hii mwanga wa kawaida wa mchana. Amekaa, mkono mmoja umelala nusu kwenye kanga ya manjano, nusu mbele ya ukuta wa kijani cheusi.

Mama alikuja kuchungulia — tangu Ijumaa anakuja kila baada ya muda, kama anayemwangalia mgonjwa. Akasema nimekosea. Mkono una rangi mbili, huku kwenye kanga mweusi, huku ukutani mweupe.

Nikamwambia mama, ni rangi moja. Nimeichanganya mara moja, nikapaka mara moja.

Hakukubali. Nikachukua kipande cha boksi, nikatoboa matundu mawili, nikakibandika juu ya mkono ili kanga na ukuta visionekane. Mama akatazama. Akakitoa. Akakirudisha. Akakitoa tena.

"Basi macho yangu yananidanganya, mtu mzima mimi."

"Na yangu, mama. Ya kila mtu."

Hili walitufundisha kwenye chuo cha sanaa mwaka wa kwanza, kwa vipande vya karatasi za rangi. Nilifaulu mtihani, nikasahau. Sikujua kwamba siku moja itakuwa mkono wa Bi Fatu.

Mama akaenda zake. Alipofika mlangoni akageuka, akauliza: sasa wewe utajuaje ipi ni ya kweli?

Nikaosha brashi.

Jumatano, 14 Agosti

Nimeswali alfajiri, nikaenda kukaa pale kwenye kona. Siku hizi anapika Chausiku, dada mmoja mcheshi, alirithi kona baada ya Bi Fatu kuanza kuumwa. Nikavuta kigoda mbele ya jiko lake.

"Batuli, usoni nimeota nini?"

"Endelea tu, dada. Nakuangalia."

"Haya, angalia. Ila wateja wapite."

Mwanzo alikuwa ni moto mtupu. Kidevu na mashavu, kama nilivyochora. Mama ana haki, kwa mgeni inatisha. Halafu nyuma ya ukuta mbingu ikaanza kupauka, na kitu kikatua kwenye paji la uso la Chausiku. Bluu. Bluu hasa, juu ya ngozi nyeusi, kama ameguswa na kitambaa cha maji. Moto chini, mbingu juu, na mahali vinapokutana, hapa kwenye mfupa wa shavu, palikuwa na rangi ambayo sina jina lake. Zambarau? Hapana. Niliacha kutafuta jina, nikatazama tu.

Haikudumu. Kukapambazuka, Chausiku akawa Chausiku, jasho na kilemba. Makaa yalikuwa yanawaka vilevile, ila mwanga wake hauonekani tena.

Nimerudi na vitumbua na kichwa kinazunguka. Nilipokuwa mtoto nilifika pale na usingizi na njaa. Sidhani kama nilimuona Bi Fatu. Nilikuwa naona kitumbua kinachokuja. Na huyo mweusi wa kung'aa niliyemwapia — ni giza la alfajiri na mafuta ya kupikia, na mimi nina umri wa miaka saba.

Lakini nitamchora kwenye dakika ile. Mbingu usoni, moto mikononi tu. Humo wamo wote watatu — mweupe kidogo juu kwenye paji, maji ya kunde shavuni, mweusi shingoni.

Jumamosi, 17 Agosti

Karibu kwisha. Siku mbili sikutoka nje ila kwenda dukani. Mama ameitazama jioni hii akakaa kwenye kitanda changu. Kisha akasema, "Mashavu ndiyo." Nilitamani kumkumbatia lakini mikono ilikuwa na rangi.

Halafu Wahida akapiga ya video. Nionyeshe, nionyeshe hata kama haijaisha. Nikageuza simu kuelekea kwenye kanvasi.

Halafu nikasikia analia.

"Ndiye," akasema. "Batuli, ndiye. Mama yangu huyu."

Na mimi machozi yakanitoka. Nikatazama kioo cha simu, nione anachokiona. Haikuwa picha yangu. Simu ilikuwa imeing'arisha. Paji la bluu limekuwa jeupe, shingo nyeusi imekuwa kahawia laini, vivuli vyote vimefutwa. Chai ya maziwa. Ilimfanya mama yake kama ilivyozoea kumfanya.

Ningesema. Ningemwambia, Wahida, ngoja, hii si hivyo. Alikuwa analia kwa furaha na mimi nikanyamaza.

Amepata likizo. Anakuja Jumamosi ijayo.

Jumapili, 18 Agosti

Sikugusa brashi. Nimefua.

Jumanne, 20 Agosti

Leo nilichukua nyeupe. Nikajiambia kidogo tu, shavuni, nimpunguzie mshtuko. Alilia kwa ile ya kwenye simu, kwa nini nisimpe hiyo hiyo? Ni mama yake, si wangu.

Nikapaka. Alionekana kama amepigwa unga.

Nimefuta na kitambaa kabla haijakauka. Bahati.

Tatizo si rangi. Nikimpa ya simu nitakuwa nimemrudishia alichonacho tayari. Nikimpa hii, namnyang'anya. Miaka tisa tangu aende Maskati amezungumza na ule uso mweupe, amemwambia siri zake, amemwona akizeeka bila ya mikunjo. Nani mimi nimwambie huyo hakuwa yeye?

Alhamisi, 22 Agosti

Mzee Kibwana amekuja. Mwenyewe, kwa miguu, kofia na fimbo. Mama alikuwa karibu aangushe birika.

Hakutaka kukaa. Amesikia Wahida anakuja, na amesikia picha imekwisha — Wahida amemwambia kwa simu, analia. Akasema hapendi mwanawe aende kumtazama mama yake nyumbani kwa watu. Kisha akasema, "Niione."

Nikaitoa uani, penye mwanga. Alisimama mbali, akasogea, akarudi nyuma.

"Jicho lililolala ni la kushoto," akasema mwishowe. "Wewe umelitia la kulia."

Kumbe. Picha za kujipiga mwenyewe, simu ile ilikuwa ikizigeuza kama kioo! Kope ya Bi Fatu ilikuwa imelala kidogo, na mimi nimeilaza upande usio wake. Nikamwambia nitarekebisha sasa hivi, asubiri. Alisubiri. Alikaa kwenye kizingiti akanywa chai ya mama nami nikifuta na kuchora. Kazi ndogo, jasho jingi.

Alipotazama tena hakusema ni sawa. Alisema, "Tuichukue."

Tukaibeba mpaka kwake, mimi nyuma yeye mbele. Akaniambia niiegemeze ukumbini. Na pale — sijui niandikeje. Chini ya ile tyubu nyeupe, mbele ya zile kuta za kijani, Bi Fatu akawa majivu. Mashavu ya mama, ile rangi isiyo na jina, yote yamekufa. Mzee aliweka mkono ukutani.

"Umemfanya nini?"

"Si mimi, baba. Ni taa."

Nikazima taa bila ya kuomba ruhusa. Nikafungua dirisha moja. Kidogo afadhali, ila kijani cha ukuta kilimfanya mwekundu kupita kiasi, kama mwenye homa. Tukaanza kuzunguka naye. Chumba cha mbele, hapana — pale anaswalia, na hilo hatukulizungumza hata. Karibu na ngazi, hapana. Mzee alikuwa amekamata pembe moja mimi nyingine, tunapita naye milangoni mwa nyumba yake mwenyewe.

Tulimpata ujiani, karibu na mlango wa uani. Pale ukuta haukupakwa kijani, ni chokaa ya zamani, na mlango ukiwa wazi nusu mwanga unaingia umeshagonga sakafu ya uani, laini. Uso wake ukarudi.

Mzee akatafuta msumari. Alipokuwa anagonga, amenipa mgongo, ndipo nikamuuliza. Baba, alikuwa na rangi gani kweli?

Akagonga mara mbili tatu.

"Mimi sikumwangalia rangi," akasema. "Nilikuwa nikiangalia kama amechoka au hajachoka."

Nikauliza, na hapa?

"Hapa amechoka. Lakini hajakasirika." Akaitengeneza ikae sawa. "Ndivyo alivyokuwa akiingia na mlango huu asubuhi."

Jumamosi, 24 Agosti

Wahida amefika. Naandika na bado sijavua baibui.

Nilikwenda saa tisa, jua kali. Mzee aliniomba niwepo. Gari limesimama nje, mabegi, majirani, manukato ya Maskati njia nzima. Amenenepa kidogo, amekuwa mzuri. Tukakumbatiana. Kisha akamwangukia baba yake, na hapo sote tulitazama pembeni.

"Yuko wapi?" akauliza, kama anauliza mtu.

Mzee akatangulia. Wahida akapita kutoka kwenye lile jua moja kwa moja hadi ujiani. Akasimama mbele ya picha, na nikamwona anapapasa kwa macho.

"Iko wapi? Sioni kitu."

"Umetoka juani," nikamwambia. "Ngoja macho yazoee."

Akangoja. Niliona uso wake wakati uso wa mama yake ulipokuwa unamjia polepole kutoka gizani. Kwanza alitabasamu. Kisha tabasamu likabaki mdomoni peke yake.

"Si yeye," akasema.

Akanigeukia.

"Batuli, hii siyo uliyonionyesha. Mama hakuwa mweusi hivi. Hakuwa na hii —" akagusa shingoni mwake mwenyewe, mahali pa mikunjo. "Umemzeesha."

Nikaanza kueleza, simu, mwanga, nikajikwaa. Mzee Kibwana akaniinulia mkono ninyamaze.

"Ulimuona lini, mwanangu?" akauliza.

Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayetaka kujua. Lakini lilimpiga Wahida. Alisimama pale mdomo wazi, na mimi nilitamani ardhi inimeze, maana swali lile si la picha.

Akatoa simu kwenye mkoba. Akaiwasha kamera, akaielekeza ukutani. Nilikuwa nyuma ya bega lake, niliona. Pale kwenye kioo akatokea mara moja — laini, mweupe, mama wa Wahida. Alimtazama. Akainua macho ukutani. Akarudisha kwenye kioo. Mara nyingi, sikuhesabu. Kila akiisogeza, simu inahangaika kutafuta mwanga, mara inang'aa, mara inafifia.

Mwisho akaketi sakafuni na nguo zake za safari, akaiweka simu mapajani, kioo chini.

"Alikuwa akiumwa wakati ule?" akauliza. "Alipokuwa akicheka na mimi?"

"Alikuwa akiumwa," akasema mzee.

"Mbona hamkuniambia?"

"Alisema unamuona kwenye simu."

Wahida akafunika uso. Baba yake hakuketi naye, magoti hayamruhusu. Alibaki ameshika mlango wa uani, maana upepo ulikuwa unausukuma, na kila ukisogea mwanga unabadilika usoni pa Bi Fatu. Ukijifunga, anakuwa mweusi wa alfajiri. Ukifunguka, paji linapata weupe. Wahida aliona. Alitoa mikono usoni akawa anaangalia.

"Baba, ufunge kidogo," akasema.

Akafunga kidogo.

"Fungua."

Akafungua.

"Zaidi. Hapo. Hapana, rudisha."

Nilichukua viatu vyangu mkononi nikapita ukumbini taratibu. Sikuaga, haikuwa wakati wa kuaga. Nimefika barabarani, nimewapita majirani wanaoniuliza kama amefurahi, na bado nilikuwa nausikia ule mlango — bawaba zinalia, kimya kidogo, na sauti ya Wahida: hapo, hapo, hebu rudisha.